Kisu Chako cha Kubebeshea Kinacheza? Usikikaze kwa Hasira

Leo tuache mbolea na viuatilifu, tuongelee skrubu moja ndogo.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye kitalu cha parachichi cha kikundi cha vijana hapa Njombe. Vikonyo vya Hass vya mti mmoja, mashina unene wa penseli, kivuli kizuri. Lakini mstari wa kijana mmoja vikonyo vingi vilikuwa vimekauka, na wa mwenzake pembeni vimechipua. Nikamwomba kisu chake, cha kukunja. Nikashika ncha ya bapa nikaisukuma kushoto na kulia. Kinacheza kama mlango uliolegea bawaba.

Ukibebesha kwa kabari unahitaji mkato mmoja, ulionyooka. Bapa likiyumba, mkato unapinda, kikonyo na shina vinaacha uwazi katikati, na lile ganda la ndani la kijani haligusani. Kikonyo kinakauka kabla ya kuungana.

"Afisa, kilikuwa kigumu kufungua, ndiyo maana nikalegeza," akaniambia. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tunafuta kisu kwa spiriti kila baada ya miche kadhaa, na ni sawa, tunazuia magonjwa. Ila spiriti inaondoa oili kwenye mhimili, na utomvu unaganda humo. Kisu kilitaka kusafishwa na tone la oili. Yeye akalegeza skrubu.

Na mimi nikaharibu zaidi. Nikachukua bisibisi, nikakaza kwa nguvu ya mkono. Hesi zikaliwa. Kisu cha mtu, na skrubu ile madukani kwetu haipo. Nilimlipa.

Tangu siku hiyo natumia bisibisi ya toki. Ni bisibisi unayoiwekea kipimo cha nguvu, ikifika hapo inalia "kla!" au inateleza, nawe unaacha. Kipimo chake ni nyutoni mita. Usiogope jina: ning'iniza kilo moja ya sukari kwenye kijiti, sentimita 5 kutoka katikati ya skrubu. Hiyo ni karibu nusu nyutoni mita. Mkono wako ukiwa na hasira unapita hapo bila kujua. Na usiazime spana ya toki ya gereji, ile ni ya nati za magurudumu. Skrubu ya kisu itakatika kabla haijalia.

Visu vingi vya zamani vina ribiti, hivyo havihusiki. Vyenye skrubu, mara nyingi kichwa ni nyota ya pembe sita, saizi T6 au T8. Biti iingie mpaka chini bila kucheza. Ukilazimisha ndogo, unakula kichwa.

Fungua, safisha utomvu, futa oili kwenye hesi kwa spiriti. Hesi zenye oili zinadanganya: kipimo kilekile kinabana zaidi. Weka tone dogo la gundi ya skrubu, ile ya bluu. Nyekundu acha, kuifungua inataka moto. Gundi iguse hesi tu. Ikiingia kwenye washa za mhimili, kisu kitakwama. Oili iende kwenye washa, si kwenye hesi.

Kama mtengenezaji ametoa kipimo, fuata chake. Kama hakuna, mimi naanza 0.2, napanda 0.1 kila mara, najaribu bapa. Likiacha kuyumba na bado linafunguka laini, naishia hapo. Ukiona linabana kabla halijaacha kuyumba, washa zimeisha au zimepinda, kukaza hakutasaidia. Andika namba yako kwenye daftari la kitalu, maana kila kisu kina yake. Acha gundi ikae saa 24 kabla ya kazi.

Je, ununue? Kama una kisu kimoja, sikushauri. Kaza kidogo kidogo, robo ya mzunguko, ukijaribu bapa. Lakini kikundi chenye visu kumi, changeni mnunue moja, akae nayo mtu mmoja tu. Bisibisi ya toki ikipita mikono kumi itageuzwa nyundo.

Yule kijana sasa ana kisu kingine. Namba yake ni 0.4, ameichora kwa kalamu ya rangi kwenye mpini. Wiki ijayo tunafungua nailoni za miche yake mipya.