Mwuguzi wa Kike Atatoka Nyumba Gani?

Tuanze na jambo litokealo majumbani mwetu. Mke ana mimba ya miezi minane. Kichwa chamwuma sana, uso na mikono imemvimba, na macho yamwingia kiwi. Mume ataka kumpeleka hospitali usiku ule ule. Mama yake asema: “Mwanangu, pale usiku hapana nesi wa kike. Na tungoje kuche.”

Dalili hizo ni za ugonjwa uletao kifafa cha mimba, nao haungoji kuche. Sharia yetu imekwisha kutoa njia: asipopatikana mwanamke wa kumtibu, dharura yamruhusu mwanamume. Kwa hiyo kungoja ni kosa. Lakini hatumlaumu bibi yule kwa kuona haya; tulilaumulo ni jambo jingine. Kila nyumba yataka mwuguzi wa kike, na nyumba chache zakubali binti yao awe mwuguzi. Basi huyo atakiwaye atatoka nyumba gani?

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliamrisha awekwe katika hema la Bibi Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi ya kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu nyingine hata miji ikakosa tabibu Mwislamu. Maana ya faradhi hiyo ni kwamba wakiitimiza baadhi, wengine huokoka. Wakiiacha wote, wote hupata dhambi.

Katika wauguzi, aliye karibu mno na nyumba zetu ni mwuguzi wa afya ya jamii. Huyu hangoji mgonjwa amjie. Yeye hupiga hodi. Humpima mja mzito presha, hutazama kadi ya chanjo ya mtoto, humfundisha mama namna ya kumnywesha maji ya dawa mtoto anayeharisha, na huuliza maji ya kunywa yatoka wapi. Mgonjwa aliyemzidi humpeleka hospitali mapema.

Faida yake imethibitishwa. Mwaka 1994, huko Navrongo, kaskazini mwa Ghana, wauguzi wa namna hii walitolewa katika vituo vya afya wakahamishiwa vijijini. Walizidishiwa mafunzo, wazee wakashauriwa, na wanavijiji wakawajengea nyumba za kukaa na kutibia. Katika muda wa miaka 3, vifo vya watoto katika sehemu hizo vilipungua kupita nusu. Mahali palipowekwa watu wa kujitolea peke yao, faida hiyo haikuonekana. Mwaka 1999 serikali ya Ghana iliufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima. Twajifunza hapa kwamba ukaribu bila ya elimu hautoshi.

Tena elimu yenyewe huchakaa. Tanzania Bara, klorokwini iliyokuwa dawa ya malaria ya kila nyumba iliachwa mwaka 2001, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea. Ikafuata SP, nayo mwaka 2006 ikaipisha dawa ya mseto. Mwuguzi aliyemaliza chuo mwaka 1999, asisome tena, angewapa watoto wetu dawa isiyoponya, na huku nia yake ni njema.

Kenya nako jambo hili lilitambuliwa. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi, lilianza kuwasomesha kwa kompyuta wauguzi wenye cheti, wapate stashahada bila ya kuacha vituo vyao. Njia kama hii yamfaa hasa mwanamke mwenye mume na watoto: halazimiki kuhama, wala wagonjwa wake hawabaki bila ya mtu.

Basi enyi wazazi, binti yenu apendaye sayansi msimkatize. Nawe mume, mkeo mwuguzi akirudi kazini na usiku akafungua kitabu, mpokee mtoto. Na nyumba isiyo na binti wa kupeleka chuoni, na imfungulie mlango nesi apigaye hodi, imkaribishe kwa heshima na kumjibu kwa kweli.

Siku shida itakapobisha usiku wa manane, sote tutamtaka mwanamke mjuzi. Mwanamke huyo leo yumo darasani, au yumo jikoni akingoja ruhusa ya babaye. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.