Mwezi wa Ishirini na Tano: Tujiulize Nini Kabla ya Kuomba Ruzuku ya Afya ya Akili

Maandiko ya kuomba ruzuku kwa ajili ya afya ya akili yanazidi kuongezeka katika ofisi yetu ya miradi. Zamani sharika ziliandika kuhusu visima, ng'ombe wa maziwa na ada za yatima. Sasa zinaandika pia kuhusu akina mama waliolemewa na mawazo baada ya msiba, vijana wa mialoni waliozama katika pombe, na familia zinazomficha ndani mtoto mwenye kifafa. Tunamshukuru Mungu, kwa maana mambo haya hapo nyuma yalinong'onwa tu. Makala hii inaeleza ruzuku ya aina hii inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini. Inaeleza pia kwa nini swali kubwa kuliko yote linahusu mwezi wa kwanza baada ya fedha kwisha.

Tulikosea wapi

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisimamia mradi wa miezi 24. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiwahimiza wazazi wawatoe watoto wao wenye kifafa, na wengi walikubali. Mradi ulilipa dawa na nauli. Kijana mmoja alikaa miezi kumi bila kuanguka, akarudi shambani, akaanza hata kuzungumzia kuoa. Kisha mradi ukafungwa, nasi tukaandika ripoti nzuri yenye picha.

Mwezi wa 25 dawa zake ziliisha. Nauli haikuwapo, na mtu wa kumwuliza hakuwapo. Baada ya wiki chache alianguka motoni. Yu hai, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikunjuki tena. Mama yake alituuliza: "Kama mlijua mtaondoka, mbona hamkutuambia mapema tujipange?" Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kwa nini ruzuku inahitajika

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 duniani, yaani mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo linaeleza pia kwamba serikali hutenga kwa wastani takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya huduma hizi. Pengo hilo wanalihisi zaidi walio mbali na hospitali. Mkazi wa Buswahili au Kibara anapoambiwa afike hospitali ya rufaa Musoma kila mwezi, mara nyingi nauli ndiyo inayoamua kama atatibiwa au la.

Ruzuku ndogo inaweza kusaidia hapo. Lakini kwanza tutenganishe gharama za aina mbili. Ya kwanza ni gharama za mara moja: kufundisha watu, kununua mabenchi, kuchapisha vitabu vya mafunzo, kufanya semina ya wazee wa kanisa. Ya pili ni gharama zinazorudi: dawa, nauli, na posho ya anayewafuatilia wagonjwa. Tuseme usharika una wagonjwa 12, na kila mmoja hufika kituoni mara moja kwa mwezi. Hizo ni safari 144 kwa mwaka, kwenda na kurudi, na mwaka unaofuata ni 144 nyingine. Ruzuku hubeba vizuri gharama za aina ya kwanza. Ikibeba za aina ya pili peke yake, inajenga nyumba juu ya nguzo ambayo tarehe ya kung'olewa kwake inajulikana.

Fedha zinapobaki ndani ya watu

Mfano mzuri tunaupata kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, watafiti wakishirikiana na World Vision walijaribu tiba ya sonona kwa njia ya vikundi. Hawakuleta madaktari bingwa. Walichukua wenyeji wenye elimu ya sekondari, wakawafundisha kwa wiki mbili. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kila kimoja kwa dakika 90 hivi, watu wakizungumza juu ya msiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokuwa vikundini walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa vijiji visivyo na vikundi. Miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo, na vikundi vingi vilikuwa vikiendelea kukutana vyenyewe.

Vivyo hivyo Zimbabwe. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika eneo la Mbare, jijini Harare. Bibi hao waliketi kwenye benchi nje ya kliniki, wakamsikiliza mtu mwenye mawazo mengi na kumsaidia kutafuta ufumbuzi wa tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba njia hiyo inasaidia kweli. Mpango huo umefika pia Zanzibar. Kamati zetu zizingatie jambo moja hapa: bibi hao walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jiji. Mradi uliwaongezea ujuzi mahali walipokuwa, na ujuzi hauishi akaunti inapofungwa.

Sharika zetu nazo zina watu wa namna hiyo: wainjilisti, wazee wa kanisa, viongozi wa umoja wa wanawake, na wahudumu wa afya wa vijiji. Wanaingia nyumba za msiba kila wiki. Wakipata mafunzo, na wakiapa kutunza siri, wanaweza kuanza bila gharama kubwa.

Dawa ni habari nyingine

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, na hauambukizwi kwa mate wala povu. Hapa nchini wagonjwa wengi hutibiwa katika kliniki za afya ya akili, kwa hiyo huingia katika maandiko yetu. Anayeacha ghafla dawa za kifafa anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma, na hilo huua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Henry Rwiza walichapisha taarifa ya kuwafuatilia wagonjwa 164 kwa miaka 30. Walipokuwa wakitumia dawa, wengi walipata nafuu. Hata hivyo, kufikia ufuatiliaji huo zaidi ya nusu walikuwa wamefariki, na vifo vingi vilihusiana na kifafa chenyewe, pamoja na kuungua na kuzama majini. Ugonjwa wa miaka 30 hauwezi kutegemea ruzuku ya miaka miwili.

Kanisa letu lina ushuhuda wa huduma iliyodumu. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Wafadhili wamebadilika mara nyingi tangu wakati huo. Huduma imebaki kwa sababu ina mwenyewe, yaani Kanisa.

Kwa kamati za sharika

Kabla ya kuleta andiko, tunaomba kamati zifanye yafuatayo:

1. Zimwone mratibu wa afya ya akili wa wilaya na mganga wa zahanati. Dawa ziagizwe kwa utaratibu wa serikali, si kwa mfuko wa mradi. Kama zahanati haiwezi kuzipata kwa uhakika, hilo litatuliwe kwanza.

2. Ziandike gharama zote zinazorudi, na mbele ya kila moja jina la atakayelipa mwezi wa 25. Mnada wa mazao baada ya ibada unaweza kubeba nauli za watu 12. Kikundi cha VICOBA cha familia zenyewe kinaweza kubeba zaidi.

3. Zianze na watu wachache. Wagonjwa 12 wanaofuatiliwa ni bora kuliko 60 walioandikishwa tu.

4. Ziwaambie walengwa ukweli tangu siku ya kwanza: mradi unaanza lini, unaisha lini, na baada ya hapo waende kwa nani.

5. Zifundishe kwamba maombi na dawa havishindani. Asiwepo anayeambiwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Na anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wafadhili wetu

Ninyi mmetubeba kwa muda mrefu, nasi tunawashukuru. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, ruzuku ipungue hatua kwa hatua badala ya kukatika kwa siku moja, ili usharika uzoee mzigo wake. Pili, mtuulize habari za walengwa mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa. Ripoti ya mwisho ya mradi wetu ule ilisema kweli, lakini iliandikwa mwezi mmoja mapema mno.

Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14). Mara nyingi tumeusoma mfano huo wakati wa kujenga makanisa. Tuusome pia tunapoandika maandiko ya miradi. Kijana yule sasa anachukua dawa zake katika zahanati ya karibu, na usharika wake humlipia nauli inapobidi. Hakuna mfadhili katika mpango huo, na hakuna tarehe ya kuufunga.