Moshi wa shemine: satelite inatafuta wapi ulitoka

Mama moja wa kartie yetu alikuja ku biro ya sendika na lengalenga mu sahani. Majani yalikuwa na madoa meupe, sawa vile yamemwagiwa asidi. "Batoto bote balikohoa usiku muzima," alisema. Tulipeleka habari kwa wakubwa wa usini. Jibu lao lilikuwa fupi: "Ule moshi haukutoka kwetu." Tulirudi mikono mitupu, kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuonyesha.

Tangu siku ile ninajiuliza: moshi ukisha kupita, mutu anaweza kujua ulitoka wapi? Wataalamu wanasema ndiyo. Na njia yao si uchawi, muchimbaji ataielewa.

Ukiona maji ya muto yamekuwa mekundu, unafanya nini? Unapanda nayo juu, unaangalia kila kijito kinachoingia, mpaka unakuta pahali watu wanasafisha mawe. Wataalamu wa hewa wanafanya njo vile: wanaanza na moshi, wanarudi nyuma mpaka ku moto.

Macho yao ni satelite. Aura ya Marekani iko juu tangu 2004. Sentinel-5P ya Ulaya ilirushwa Oktoba 2017. Zinaangalia mwangaza wa jua unaorudishwa na dunia. Gazi ya sufuru, ile SO2 inayotoka wakati tunachoma mawe ya shaba yenye sufuru, inameza sehemu ya mwangaza ambayo macho yetu hayaoni. Kwa kupima mwangaza uliopungua, wanajua gazi ni kiasi gani mu hewa.

Lakini gazi iliyo mu hewa si hesabu ya shemine. Upepo ukilala, moshi kidogo unarundikana na kuonekana mwingi. Upepo ukivuma kwa nguvu, moshi mwingi unatawanyika na kuonekana kidogo. Kwa hiyo wanachukua mbio ya upepo na upande unakotoka, wanaongeza muda gazi inakaa mu hewa mbele ya kugeuka. Kisha wanajaribisha mu ordinateri: "Tuseme shemine ilitoa tani hizi." Kama picha ya ordinateri hailingani na ile ya satelite, wanabadilisha tani, wanarudilia, mpaka zilingane. Siku moja haitoshi: wanakusanya miezi, hata miaka.

Njia hii imekwisha kuvumbua mambo. Mu 2016, wataalamu wa Canada na wenzao walitangaza vyanzo 39 vikubwa vya SO2 ambavyo havikuwa mu liste za dunia. Viyeyushio vya Norilsk, Urusi, vinaonekana wazi toka juu. Hapa kwetu Congo, satelite zinaona gazi ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira.

Sasa, tusijidanganye. Hizi satelite mbili zinapita muchana. Bila jua haziwezi kupima: kama usini inafungulia moshi usiku, hakuna picha. Mawingu ya wakati wa mvua yanafunika. Kila kipimo cha Sentinel-5P kinafunika karibu kilometa 5,5 kwa 3,5. Shemine mbili zikiwa karibu, ni vigumu kuzitenganisha. Na hewa ambayo mufanyakazi anavuta mu atelie, satelite haiwezi kuipima.

Njo maana kazi yetu inabaki. Moshi ukishuka, andikeni tarehe, saa, upepo unatoka upande gani, nani alikohoa. Majani yakiungua, pigeni foto siku ile ile. Vipimo vya Sentinel-5P ni vya bure. Tuombe wanafunzi wa université watusaidie kuvisoma pamoja na daftari yetu. Na kwa kompani tudai mambo mawili: hesabu ya gazi inayotoka kila siku, na mashine ya kupima hewa mu kartie, muchana na usiku. OMS inasema SO2 isipite mikrogramu 40 kwa kila meta kibiki, ukipima saa 24. Tuone kwetu ni ngapi.

Yule mama alipanda lengalenga ingine. Sasa ana kalamu karibu na dirisha. Mara ya mwisho aliandika: "Saa nane ya usiku, upepo wa upande wa usini." Saa ile satelite haikuona kitu. Yeye aliona.