Faili za Bakigamoni: Kinachohama na Kinachobaki Nyuma

Bakigamoni ni mchezo wa watu wawili unaochezwa kwenye ubao wenye vituo 24, ambapo kila mchezaji husogeza kete zake 15 kwa kufuata namba za dadu mbili hadi azitoe zote ubaoni, na hapo ndipo unapoachana na bao la kete, ambalo halina dadu. Kwa kuwa bahati ina nafasi kubwa humo, mtu anaweza kucheza vibaya akashinda au kucheza vizuri akashindwa, na ndiyo maana wachezaji makini hawatosheki na matokeo peke yake, bali huhifadhi kila hatua na kuikabidhi kwa programu ya kompyuta ili ipime ubora wa maamuzi yao.

Programu za aina hiyo zilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM alipotengeneza TD-Gammon, mtandao wa neva uliojifunza mchezo kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Baadaye zikaja JellyFish, Snowie, GNU Backgammon ambayo ni programu huria, na eXtreme Gammon, na kila moja ikawa na namna yake ya kuandika mechi ndani ya faili. Mchezaji anayetaka mechi iliyohifadhiwa katika programu moja isomwe na nyingine hulazimika kuibadilisha, na kazi hiyo ina sehemu mbili: kupambanua, yaani kuisoma faili na kutambua kila alama ndani yake inasimamia nini, kisha kuyaandika upya yaliyotambuliwa kwa kanuni za muundo mwingine.

Muundo uliosambaa zaidi ni ule wa JellyFish, ambao faili zake huishia na .mat. Ni maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma: namba ya zamu, dadu zilizoanguka, kisha hatua zenyewe, kwa mfano 31: 8/5 6/5, maana yake dadu zilileta 3 na 1, kete moja ikatoka kituo cha 8 kwenda cha 5 na nyingine ikatoka cha 6 kwenda cha 5. Humo kila mchezaji huhesabu vituo kutoka upande wake, hivyo kituo cha 8 cha mmoja ni cha 17 kwa mpinzani wake. Muundo wa SGF unaotumiwa na GNU Backgammon, ambao asili yake ni mchezo wa Go, hutumia herufi badala ya namba, kuanzia a hadi x kwa vituo, y kwa upau wa kati zinapokaa kete zilizopigwa, na z kwa kete zilizotolewa. Na herufi hizo hubaki zilezile kwa wachezaji wote wawili. Kwa hiyo hatua ileile iliyotajwa huandikwa hefe kwa mchezaji mmoja na qtst kwa mwenzake, na programu ya kubadilisha ikisahau kugeuza ubao, mechi yote huharibika kuanzia zamu ya kwanza ya mchezaji wa pili.

Ugumu mwingine hutokana na ufupisho. Dadu zikileta 6 na 4, kuna anayeandika 24/14 bila kusema kama kete ilipitia kituo cha 18 au cha 20, ilhali mpinzani akiwa na kete moja pekee katika mojawapo ya vituo hivyo, njia iliyofuatwa ndiyo inayoamua kama kete hiyo imepigwa. Haitoshi, basi, kwa programu kusoma herufi na namba. Ni lazima iyajue masharti ya mchezo, ishike picha ya ubao kila zamu, na ikatae hatua isiyowezekana.

Hali moja ya ubao nayo ina maandishi yake, na hapa ubunifu wa waandishi wa programu unastahili kusifiwa. GNU Backgammon hupita kituo baada ya kituo ikiandika tarakimu 1 kwa kila kete na 0 kila kituo kinapokwisha, na kwa kuwa kila mchezaji ana kete 15, vituo 24 na upau mmoja, jumla huwa biti 80 kamili, zinazobanwa kuwa herufi 14 tu. Mpangilio wa kuanzia mchezo ni 4HPwATDgc/ABMA. eXtreme Gammon huandika herufi kubwa kwa kete za mmoja na ndogo kwa za mwingine, kisha huongeza dadu, alama za mechi na mchemraba wa kuzidisha dau. GNU Backgammon huweka hayo katika utambulisho wa pili.

Hatua za mchezo, basi, huhamishika. Uchambuzi ndio haukubali kwa urahisi. Kina cha kutazama mbele, yaani zamu ambazo programu huzipima kabla ya kutoa hukumu, GNU Backgammon hukihesabu kuanzia 0 na eXtreme Gammon kuanzia 1, hivyo kina cha 2 katika ya kwanza kinalingana na kina cha 3 katika ya pili. Wastani wa makosa nao GNU Backgammon huuzidisha kwa 1000, mwenzake kwa 500, tena kila moja ina kanuni yake ya kuchagua maamuzi yanayohesabiwa. Anayenakili namba hizo kutoka faili moja kwenda nyingine bila kuzigeuza huwadanganya wasomaji wake, hata kama hakukusudia.

Njia iliyo salama ni kuhamisha hatua peke yake na kuiachia programu mpya ichambue upya. Wachezaji wanaothamini mechi zao wazihifadhi katika faili ya maandishi matupu pamoja na faili ya awali, na kila wanaponukuu kiwango cha makosa wataje programu iliyotumika na kina chake.