Draiva ya sauti katika Linux

Draiva ya sauti katika Linux ni programu inayowezesha mfumo wa uendeshaji wa Linux kuwasiliana na kadi ya sauti ya kompyuta. Draiva ikikosekana au ikikwama, kadi yaweza kuwa nzima na spika zikawa zimeunganishwa vizuri, lakini kompyuta ikabaki kimya.

Katika Linux draiva nyingi huja pamoja na kiini cha mfumo, wala mtumiaji hahitaji diski ya mtengenezaji. Kwa sababu hiyo, ukimya mara nyingi hutokana na mipangilio, si kukosekana kwa draiva.

== Historia ==
Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Draiva zake za kwanza za sauti ziliandikwa na Hannu Savolainen, naye Mfini, na baadaye zikajulikana kwa jina la OSS. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianzisha mradi wa ALSA. Toleo 2.6 la kiini, lililotoka Desemba 2003, liliifanya ALSA kuwa njia kuu ya sauti badala ya OSS.

Juu ya ALSA ziliongezwa seva za sauti: kwanza PulseAudio ya Lennart Poettering, kisha PipeWire ya Wim Taymans. Fedora ilianza kutumia PipeWire kama seva yake ya kawaida ya sauti katika toleo la 34, mwaka 2021.

== Muundo ==
Sauti hupita katika ngazi tatu:
* Programu ya mtumiaji, kama kicheza muziki au kivinjari.
* Seva ya sauti (PulseAudio au PipeWire), inayochanganya sauti za programu mbalimbali na kuchagua zitokee wapi.
* Draiva ya ALSA ndani ya kiini, inayoiamrisha kadi yenyewe.

Kutafuta hitilafu ni kujua sauti imekwama katika ngazi ipi.

== Kutafuta chanzo cha hitilafu ==
Amri zifuatazo huandikwa katika dirisha la amri. Inafaa kuanza na mambo mepesi: waya, swichi ya spika na kiwango cha sauti.

1. Je, kiini kinaiona kadi? Amri "cat /proc/asound/cards" huorodhesha kadi zilizopata draiva. Orodha ikiwa tupu, amri "lspci -k" huonyesha kama kifaa kipo na draiva inayokitumia. Kompyuta nyingi zenye sauti ya Intel hutumia draiva iitwayo snd_hda_intel.

2. Je, mtumiaji anaruhusiwa? Kadi ikionekana katika hatua ya kwanza, lakini amri "aplay -l" ikadai hakuna kadi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtumiaji hana ruhusa ya kutumia kifaa hicho.

3. Je, sauti imezimwa? Amri "alsamixer" hufungua ubao wa viwango vya sauti. Herufi MM chini ya mstari zina maana kwamba umezimwa. Kitufe cha M huuwasha. Kitufe cha F6 huchagua kadi nyingine. Kwa kompyuta zilizotumika sana, kipengele cha "Auto-Mute" kichunguzwe: tundu la hedifoni likichakaa, kompyuta hudhani hedifoni zimechomekwa, hivyo huzima spika.

4. Je, sauti inapelekwa mahali sahihi? Kompyuta yenye waya wa HDMI huweza kupeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika. Dawa ni kuchagua spika katika mipangilio ya sauti. Ikionekana "Dummy Output" peke yake, seva haijapata kadi yoyote ya kutumia.

5. Je, seva imekwama? Penye PipeWire, amri "systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber" huianzisha upya bila kuzima kompyuta.

Sauti ikipotea mara baada ya kusasisha mfumo, kompyuta iwashwe kwa kiini cha zamani kilichomo katika menyu ya kuwashia. Sauti ikirudi, kosa limo katika kiini kipya. Njia nyingine ni kuwasha Linux kutoka kwenye flashi: ikitoa sauti, kadi ni nzima na hakuna haja ya kununua nyingine.

== Umeme na intaneti ==
Umeme ukikatika wakati wa kusasisha, vifurushi vya kiini huweza kubaki nusu. Katika Debian na Ubuntu, amri "sudo dpkg --configure -a" humalizia kazi iliyokatika. Baadhi ya kompyuta mpakato mpya huhitaji pia faili za ziada za kadi ya sauti. Katika Debian zimo katika kifurushi firmware-sof-signed. Pasipo na intaneti, kifurushi hupakuliwa kwenye kompyuta nyingine na kuletwa kwa flashi.

== Umuhimu kwa wasioona ==
Kwa mtu anayeona, kukosa sauti ni kero. Kwa asiyeona, kompyuta yote inakuwa imefungwa, kwa kuwa hutegemea programu ya Orca inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Programu huria ya eSpeak NG huiwezesha kusoma hata maandishi ya Kiswahili. Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera, ina Shule ya Msingi Mugeza Mseto, ambayo miongoni mwa wanafunzi wake wamo wasioona. Kwa wanafunzi wa namna hiyo spika ni sawa na skrini.

Ugumu wake ni kwamba sauti inapopotea, hupotea pia njia ya kusoma ujumbe wa kosa. Kwa hiyo ni vizuri mtumiaji asiyeona akariri amri ya hatua ya tano. Katika Ubuntu, vitufe Ctrl, Alt na T kwa pamoja hufungua dirisha la amri, na amri huweza kuandikwa bila kuona. Orca isipoanza kusema tena, vitufe Super, Alt na S huizima, na vikibonyezwa tena huiwasha.

== Tazama pia ==
* Linux
* Mfumo wa uendeshaji
* Programu huria