Ndege Tatu, Paa Moja

Ndege ndogo zinazotua Mpanda, au kwenye kiwanja cha Ikuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nyingi hushusha abiria zikaondoka. Inayolala porini hulala nje, na rubani mzoefu huzungushia magurudumu matawi ya miiba, kwa kuwa fisi hutafuna mpira. Kwa usiku mmoja si neno. Kwa mwaka mzima, jua hupasua vioo vya plastiki, mvua za Novemba hadi Aprili huleta kutu, na nyigu wa udongo hujenga ndani ya mrija wa pito, ule unaoilisha hewa mita ya spidi. Mwaka 1996 ndege ya shirika la Birgenair ilianguka baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Ilikuwa imekaa siku kadhaa bila mirija yake kufunikwa, na wachunguzi waliwashuku nyigu hao hao.

Basi hanga, yaani banda la ndege, ni lazima, na mwenye ndege moja ni nadra kulimudu peke yake. Kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wamiliki wamezoea kubanana chini ya paa moja. Wenye ndege wa Katavi wakitaka kuiga, ushauri wangu ni huu: kabla ya kubishana juu ya bei ya mabati, mkubaliane nani anaruhusiwa kuisukuma ndege ya mwenzake.

Cessna 206 ina mabawa ya takriban mita 11 toka ncha hadi ncha. Cessna Caravan inakaribia 16. Ukizipanga sambamba, banda litakuwa kubwa kama ghala la tumbaku. Kwa hiyo hupishanishwa: moja pua ndani, nyingine mkia ndani, bawa la hii juu ya mkia wa mlalo wa ile. Hapo ndipo pa hatari. Mkia wa wima wa 206 unafika karibu mita 2.8, juu kuliko bawa la 206 nyingine. Watu hutazama ncha za mabawa na kusahau mkia unaorudi nyuma.

Tena ya ndani haitoki mpaka za mlangoni zitolewe. Mgonjwa akihitaji kukimbizwa Dar es Salaam alfajiri, na mwenye ndege ya mbele yuko Sumbawanga, mtaisukuma bila yeye. Ndiyo maana breki ya kuegesha haifungwi hangani. Magurudumu huwekewa kabari. Wawepo watu wanne: mmoja kwenye fimbo ya kuvutia, wawili kwenye ncha za mabawa, mmoja mkiani. Yeyote akisema simama, wote wasimame, hata kama ni kijana wa kufagia. Mwenye fimbo asikate kona kupita alama za ukomo za gurudumu la mbele, wala mtu asisukume kwenye usukani wa mkia.

Mkwaruzo unaoonekana mdogo si mdogo. Bati la usukani wa bawa likibonyea, uwiano wa uzani wake huenda umeharibika, na usukani usio na uwiano unaweza kutetemeka angani hadi ukang'oka. Lazima aukague fundi mwenye leseni. Arusha fundi huyo yuko jirani. Mpanda utamsafirisha, na ndege itamngoja chini.

Jambo la pili ni mafuta. Avgas, petroli ya ndege ndogo, haipatikani kila kiwanja, hivyo kishawishi cha kuweka mapipa kwenye kona ya banda ni kikubwa. Kataeni. Mapipa yakae nje kivulini, mbali, na ndege ijazwe nje ikiwa imeunganishwa waya wa kutoa umeme tuli. Wala betri isichajiwe ndani huku mtu anamwaga mafuta kidogo kukagua kama yana maji.

Kodi igawanywe kwa eneo ambalo kila ndege inachukua. Mwenye Caravan atanung'unika, lakini ndiye anayejaza banda. Kisha mpelekeeni wakala wa bima rasimu ya mkataba na swali hili: mwenzangu akiivuta ndege yangu ikagonga ya tatu, nani analipa? Asipojibu kwa maandishi, miiba ya Ikuu iendelee na kazi yake.