Leseni ya chombo na bandari bubu: nani anadai nini?

Kila tukizungumzia bahari hewani, swali hili linarudi: boti ni yangu, pwani ni ya kijiji chetu, leseni ya nini tena?

Tuanze na ofisi, maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria namba 3 ya mwaka 2009, ndiyo inayosajili na kukagua vyombo, pamoja na kupanga idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda. Shirika la Bandari linasimamia gati na sehemu za kutia nanga bandarini, kama Malindi na Mkokotoni. Leseni ya kuvua ni jambo jingine kabisa, la idara ya uvuvi. Kwa hiyo mvuvi mwenye leseni ya uvuvi mkononi bado anaweza kuzuiwa kwa kuwa chombo chake hakijakaguliwa. Kero hiyo tunaielewa, kwa sababu kila ofisi ina safari yake na nauli yake.

Kuhusu nanga, pale Malindi majahazi, boti za uvuvi na meli za abiria zinagawana maji yale yale. Tena wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Kamba iliyotosha maji yalipokuwa chini inaweza kung'oa nanga yakijaa, chombo kikachukuliwa na mkondo hadi kwenye njia ya meli, na ndani hamna mtu.

Lakini karatasi peke yake haiokoi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikienda Pemba. Leseni ilikuwa nayo, ya abiria wasiofika 700. Tume ya uchunguzi ilikuja kusema ilibeba watu zaidi ya 2,400. Na iliondoka Malindi, bandari rasmi, mbele ya macho ya watu. Haikupita mwaka, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Ndiyo maana tunaona mkaguzi anayeuliza karatasi tu, bila kuhesabu vichwa, amefanya nusu ya kazi. Kwenye bandari bubu hata nusu hiyo haipo. Hakuna anayeandika majina, na boti ikipinduka waokoaji hawajui wanatafuta watu 5 au 15.

Kama unavuka kwa boti ndogo, hakikisha umevaa jaketi kabla nanga haijang'olewa, na mwachie mtu wa pwani majina ya mliopanda. Mwenye chombo, angalia tarehe ya mwisho ya leseni yako kabla kusi halijaanza kuvuma, na nakala yake iweke chomboni, kwenye kopo lisiloingia maji.